Mussolini alipindua, alinyakua au alikabidhiwa?

Swali: Mwalimu shikamoo. Naandaa notsi za historia, nimeandika "mwaka 1922 Mussolini aliipindua serikali ya Italia". Mwenzangu kakataa, anasema niweke "alinyakua madaraka". Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba ndugu yangu. Hakuna aliyepatia, na hili kosa nakutana nalo kila siku, linaniuma kwa sababu kitenzi ndo kinamwambia msomaji wa kulaumiwa ni nani.

Jahazi likipinduka, chini panakuwa juu na waliokuwemo wote wako majini. Italia haikuwa hivyo. Kweli wale wa mashati meusi, wanamgambo wa chama cha Kifashisti cha Mussolini, waliandamana kwenda Roma Oktoba 1922, wamelowa mvua, silaha za kuungaunga, na waziri mkuu Luigi Facta alishaandaa amri ya hali ya hatari ili jeshi liwazuie, imebaki saini ya mfalme tu, asubuhi ya tarehe 28 Vittorio Emanuele III akagoma kusaini. Mussolini mwenyewe yuko zake Milano! Akaitwa, akapanda treni ya usiku, tarehe 30 akapewa uwaziri mkuu, na chama chake bungeni kilikuwa na viti 35 tu kati ya 535. Sasa hapo nani kapindua?

Kunyakua nako ni kwa mwewe, anashuka anabeba kifaranga huku mama kuku anapiga kelele. Hapa kuku mwenyewe ndo kamtoa mwanawe.

Kwa hiyo 1922 sema "alikabidhiwa", ila usiliache neno peke yake maana litasikika kama sherehe, kumbe hawa watu walishachoma ofisi za vyama vya wafanyakazi na kuwanywesha wapinzani mafuta ya mbarika kwa nguvu mpaka waharishe mbele za watu. Ongeza "kwa vitisho".

Kilichofuata kina neno lake zuri sana, kuhodhi, lile lile la mfanyabiashara anayefungia sukari yote stoo. Sheria ya 1923 ikakipa chama kitakachoongoza, hata kwa robo tu ya kura, theluthi mbili ya viti. Juni 1924 mbunge Giacomo Matteotti, aliyesimama bungeni kupinga uchaguzi ule uliojaa fujo, akatekwa akauawa. Januari 1925 Mussolini akatamka bungeni kwamba yote yaliyotokea ni juu yake, na 1926 vyama vingine vikafutwa. Hata lugha hawakuiacha, 1938 wakapiga vita "Lei", neno la Kitaliano la kumwita mtu kwa heshima, wakataka watu waseme "voi". Yaani wewe umenianza na shikamoo, alafu chama kije kikupangie umwamkieje mkweo!

Notsi zako ziandike hivi: "Mwaka 1922 Mussolini alikabidhiwa uwaziri mkuu na mfalme kwa vitisho vya wanamgambo wake, na kufikia mwisho wa 1926 alikuwa amehodhi madaraka." Usimtoe mfalme kwenye hiyo sentensi.