Maswali ya Wasomaji: Magari Yanayoshinda Mbele ya Duka

SWALI: Mhariri, nina duka la shuka na vitambaa Biashara Street, katikati ya jiji la Nairobi. Wateja wangu wa miaka mingi wanalalamika kwamba hawapati pa kuegesha. Nikifungua saa mbili asubuhi nakuta nafasi zote za mbele ya duka zimeshachukuliwa, na nikifunga jioni naona magari ni yale yale. Wenzangu wanasema dawa ni kaunti kujenga jengo la ghorofa la maegesho. Je, ni kweli?
Mama mwenye duka, Nairobi

JIBU: Mama, umekwisha kujijibu bila kujua, pale uliposema kwamba magari ni yale yale. Chukua upande mmoja wa barabara wenye nafasi 20. Yakiingia magari 20 saa moja asubuhi na kukaa hadi saa kumi na moja jioni, nafasi hizo zimehudumia watu 20 kwa siku nzima. Lakini kila gari likikaa saa mbili na kuondoka, nafasi zile zile zinahudumia watu 100. Mpita njia akitazama atasema barabara imejaa katika hali zote mbili, na kwa macho yake hakukosea, ila kwa mwenye duka hizo ni siku mbili tofauti kabisa.

Sasa tazama ada inavyotozwa. Sheria ya Fedha ya kaunti ya mwaka 2013 ilipandisha ada ya gari dogo katikati ya mji kutoka shilingi 140 hadi 300, na ubishi mkubwa ukazuka, hata mahakamani. Watu walibishana juu ya kiasi, na wachache sana wakaangalia kwamba ada yenyewe ni ya siku nzima. Anayeingia kununua shuka kwa dakika ishirini analipa sawa na karani anayeliacha gari tangu alfajiri, na karani akishalipa hana sababu yoyote ya kuondoka. Ada ya namna hiyo humpendelea anayewahi na kukaa, ambaye aghalabu ni mfanyakazi wa mjini, na wakati mwingine ni mwenye duka mwenyewe. (Uniwie radhi kwa kuuliza, Mama: la kwako unaliegesha wapi?)

Malalamiko kama yako yana umri mrefu. Mita ya kwanza ya maegesho, yaani mashine ya kulipia nafasi kwa muda, iliwekwa Oklahoma City, Marekani, tarehe 16 Julai 1935, kwa senti 5 za dola kwa saa, na sababu yake kubwa ilikuwa kwamba wafanyakazi wa mjini walizikalia nafasi za barabarani kutwa nzima huku wanunuzi wakizunguka.

Kuhusu jengo la ghorofa, ningewashauri wenzako wasubiri. Mwaka 1984 Donald Shoup, mwanauchumi wa chuo kikuu cha UCLA, alichunguza mtaa wa maduka wa Westwood Village huko Los Angeles, ambako kuegesha barabarani kuligharimu senti 50 kwa saa na kuegesha ndani ya majengo kuligharimu dola moja. Kila dereva alitafuta ile ya senti 50, akazunguka wastani wa dakika 3.3 kabla ya kuipata. Dakika tatu zinaonekana kidogo, lakini katika mtaa ule mdogo wa vipande 15 (kipande ni sehemu kati ya njia panda moja na nyingine) mizunguko hiyo ilifikia maili 950,000 kwa mwaka. Maadamu barabara ni rahisi kuliko jengo, ghorofa mpya itabaki na nafasi tupu juu huku foleni ikizidi chini.

Shoup alipendekeza bei ipangwe ili kiasi cha asilimia 85 ya nafasi ziwe na magari, yaani katika kila kipande cha barabara ibaki moja au mbili wazi kwa anayefika sasa hivi. San Francisco ililijaribu wazo hilo kuanzia mwaka 2011, ikaweka vihisio, yaani vifaa vinavyotambua kama nafasi ina gari, chini ya lami na kupima kila kipande peke yake, kabla ya saa sita mchana, kati ya saa sita na saa tisa, na baada ya hapo. Penye kujaa zaidi ya asilimia 80 bei iliongezwa senti 25 kwa saa. Chini ya asilimia 60 ilipunguzwa. Wengi waliamini kwamba jiji linatafuta fedha tu, lakini wastani wa bei ya mita katika maeneo ya majaribio ulishuka kwa asilimia 4, kwa kuwa vipande vingi vilikuwa na nafasi mchana kutwa bila madereva kujua. Muda wa kutafuta maegesho ulipungua kwa asilimia 43, ilhali katika maeneo ya kulinganishia ulipungua kwa asilimia 13. Kasoro haikukosekana: wenye vibali vya ulemavu hawalipi mita huko California, kwa hiyo popote vibali vilipokuwa vingi bei haikumwondoa mtu.

Nairobi haihitaji vihisio ili ianze. Wewe na majirani wawili chukueni daftari, na kila nusu saa, kuanzia saa moja asubuhi, mwandike namba za mwisho za kila gari lililo mbele ya maduka yenu. Fanyeni hivyo siku ya kazi ya kawaida, Jumamosi, na siku ya mwisho wa mwezi ambapo watu wana mshahara. Hesabuni pia barabara ya nyuma, maana mara nyingi umbali wa kutembea dakika nne tu hutenganisha barabara iliyofurika na nyingine yenye nafasi. Wanairobi wengi hufika mjini kwa matatu au kwa miguu, kwa hiyo waulizeni wateja wenu pia wamefikaje. Huenda wenye magari ni wachache kuliko mnavyodhani. Mkienda kaunti na daftari hilo, ombeni ada ya saa kwa kipande chenu kabla ya kuomba ghorofa.