Kufikisha waifai kwenye chumba cha uani

Ndugu, umeuliza namna ya kufikisha waifai kwenye chumba cha uani kilicho mita 40 kutoka nyumba kubwa, chenye kuta za tofali na paa la bati. Nisingekushauri ununue kile kifaa cha kuchomeka ukutani kinachorudia mawimbi, kwa kuwa vingi vya bei nafuu hupokea na kutuma kwa masafa yaleyale ya redio, hivyo kasi hupungua karibu nusu. Njia ya uhakika ni waya wa mtandao wa Cat6 wa shaba halisi (si ule wa alumini iliyopakwa shaba), aina inayostahimili jua na maji, upitishwe ardhini ndani ya bomba la plastiki na kuunganishwa na ruta ya pili ambayo umezima ugawaji wake wa anwani za mtandao kwa vifaa (DHCP), usije ukapata mitandao miwili inayogongana. Waya huo hufanya kazi vizuri hadi mita 100. Kwenye maeneo yenye radi nyingi, faiba (waya wa kioo unaopitisha mwanga) ni salama zaidi, kwani haipitishi umeme. Ukishindwa kuchimba, funga antena mbili za waifai za nje, moja kila upande, zinazotazamana bila mti katikati.