Swali la lugha: Tuseme Sultani Timur au Mfalme Timur?

Mwalimu mmoja wa historia kutoka Tanga ananiuliza: "Naandaa somo kuhusu watawala wa Kiislamu wa karne ya 14 na ya 15. Vitabu vingine vinaandika Mfalme Timur, vingine Sultani Timur. Kipi ni sahihi? Na wingi wa sultani ni sultani au masultani?"

Hakuna kilicho sahihi kati ya hivyo viwili, mwalimu. Andika Amiri Timur. Na nakushukuru kwa kuuliza, kwa maana jambo hili limenikera muda mrefu.

Siku hizi mwandishi wetu akikutana na mtawala yeyote wa Kiislamu wa kale, mkono wake unakimbilia "Sultani" kabla hajauliza lolote. Mturuki sultani, Mmongolia sultani, Mwajemi sultani, Mmandinka sultani. Akilichoka neno hilo anabandika "Mfalme", kisha anaendelea na habari zake za vita na dhahabu. Cheo kimegeuzwa pambo la kutangulia jina. Watu wa zama zile hawakukichukulia hivyo hata kidogo. Kwao cheo kilikuwa hoja: kilieleza mtawala amepata wapi haki ya kutawala, nani amempa, na nani aweza kuipinga. Ukikibadilisha umeandika uongo, hata kama tarehe zako zote ni sawa.

Tumtazame huyo huyo Timur, mtekaji wa nchi nyingi za Asia. Alizaliwa karibu na mji wa Kesh, katika Uzbekistan ya leo, kabila lake Barlas. Katika nchi zile palikuwa na kanuni ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja hadharani: haitwi Khan, cheo cha watawala wa Kimongolia, ila mtu wa uzao wa Chinggis Khan, mwasisi wa dola ya Wamongolia, kwa upande wa baba. Timur hakuwa wa uzao huo. Jeshi alikuwa nalo, akili alikuwa nayo, ukatili usiseme, ila nasaba hakuwa nayo. Basi alipotwaa madaraka mjini Balkh mwaka 1370, alimtafuta mtu wa ukoo wa Chinggis, Suyurghatmish, akamtawaza kuwa Khan. Yeye mwenyewe akabaki Amiri. Alimwoa pia Saray Mulk Khanum, binti wa Qazan Khan, na kwa ndoa hiyo akajipatia cheo cha pili, Gurkan, maana yake mkwe. Mtu aliyetetemesha nchi kuanzia Delhi hadi Damasko alijitambulisha kwa ulimwengu kuwa ni mkwe! Wala hakuona haya, kwa sababu alijua ukwe ule ulikuwa na uzito gani kwa watu wake.

Suyurghatmish alipofariki, Timur alimweka mwanawe mahali pake. Na huyo mwana aliitwa nani? Sultan Mahmud. Kwa hiyo katika kambi ya Timur neno "Sultan" lilikuwa sehemu ya jina la yule Khan asiye na nguvu. Anayeandika "Sultani Timur" amemvika bwana jina la kibaraka wake.

Ubaya wa kosa hili unaonekana wazi kwenye vita vya Ankara vya mwaka 1402. Nimesoma sentensi hii kwa Kiswahili: "Sultani Timur alimshinda Sultani Bayezid." Msomaji ataona masultani wawili wamegombana, mmoja kashinda, yamekwisha. Lakini aliyetekwa siku ile ndiye aliyekuwa sultani, Bayezid wa ukoo wa Uthmani. Aliyemteka alikuwa amiri, tena amiri anayedai kutenda kwa niaba ya Khan. Bayezid alifia mikononi mwa watekaji mwaka uliofuata. Mshtuko wote wa habari ile umo katika tofauti ya vyeo hivyo viwili, na mwandishi wetu ameufuta kwa neno moja.

Anayetaka ushahidi wa ziada aende Samarkand. Jengo alimozikwa Timur linaitwa Gur-e Amir: Kaburi la Amiri. Na wale wazao wake waliotawala India, tunaowaita Wamoguli, wao walijiita Gurkani, ukoo wa mkwe.

Linaloniuma zaidi ni kwamba Kiswahili hakikosi neno. Amiri tunaye. Ametoka katika Kiarabu pamoja na jamaa zake, amri na kuamuru, na kila rais wetu ni Amiri Jeshi Mkuu. Hakuna msomaji atakayekwama akiona "Amiri Timur". Sultani naye ni neno la Kiarabu lililomaanisha kwanza mamlaka yenyewe, kabla halijawa mtu.

Wapo waliokuwa masultani kwelikweli, na hao tuwaite hivyo. Wamamluki, watawala wa Misri waliotokana na askari watumwa, ni mfano mzuri. Mwaka 1261 sultani wao Baybars alimweka Cairo khalifa wa ukoo wa Abbas, baada ya Wamongolia kuiangamiza Baghdad mwaka 1258. Tangu hapo khalifa alikuwa akimwidhinisha sultani, na sultani akatawala. Ukiandika "Mfalme Baybars" unamfuta khalifa katika picha. Hapa sitapigana sana, kwa kuwa lakabu yake ilikuwa al-Malik al-Zahir, na malik ni mfalme.

Ila "Mfalme Mansa Musa" sitaivumilia. Mansa kwa Kimandinka ndiyo mfalme. Aliyepita Cairo mwaka 1324 akielekea Makka alikuwa Mansa Musa wa Mali, au ukipenda Mfalme Musa. Chagua kimoja.

Wengine hujitetea kwamba sisi wa pwani tumezoea kusema sultani. Sisi? Wazee wetu walisema Seyyid Said na Seyyid Barghash, na Seyyid ndicho cheo walichokitumia watawala wale. Usultani wao ulivuma zaidi katika barua na vitabu vya Wazungu. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alipofika Mogadishu mwaka 1331, alieleza kwamba wenyeji humwita sultani wao Sheikh. Msafiri mgeni alijali kuuliza mtawala anaitwaje na watu wake. Sisi wenye vitabu mezani tunashindwa na nini?

Kuhusu wingi: sema masultani, kama usemavyo makadhi, makhalifa na maamiri. Kiambishi ma- hapa ni cha hadhi, hakiwageuzi kuwa vitu, kwa hiyo upatanisho ni wa watu: masultani wawili walipigana, kamwe si masultani mawili yalipigana. Nchi au utawala wao ni usultani: Usultani wa Delhi, Usultani wa Wamamluki. Wa Timur uite dola.