Julai ya Ujiji si Julai ya Cape Town

SWALI: Shikamoo Shangazi. Binti yangu anasoma Cape Town, anataka nikamtembelee. Nafasi naipata Julai, huku Ujiji ni vumbi tupu. Nikifungasha khanga na sweta moja si inatosha?
Mama Watatu, Ujiji

JIBU: Marahaba mwanangu. Haitoshi hata kidogo! Mimi nilitoka Mwanga na sweta moja hivyo hivyo, nikalala na soksi siku zote. Kule mvua hunyesha wakati wa baridi, Juni hadi Agosti. Kiangazi chao ni Desemba hadi Februari, sisi tukiwa kwenye matope. Julai mchana ni kama nyuzi 18, usiku hushuka hadi 7 au 8. Na mvua yenyewe huja na upepo, inakupiga ubavuni, mwavuli unapinduka. Nyumba niliyofikia haikuwa na cha kupasha joto, ndani kulinishinda kuliko nje.

Desemba jua huzama karibu saa mbili usiku, raha, ila upepo wa kusini-mashariki hausemeki. Ukizidi, gari linaloning'inia kwenye waya kupandisha watu Mlima Meza, ule mlima wa mjini, husimamishwa. Siku utakayouona mlima wazi, panda, usiseme kesho.

Ningekuwa wewe ningekwenda Machi. Upepo umepungua, mvua hazijaanza. Kuoga baharini sahau, upande wa Atlantiki maji ni barafu hata kiangazi, si Ziwa Tanganyika lile. Muulize binti kwanza ratiba ya mitihani.