Mwamuzi mpya wa raga ya ligi: anza na mpira wa kisigino

Wengi wanaojifunza kuchezesha raga ya ligi, yaani ile ya wachezaji 13, wametokea raga ya wachezaji 15, na hukosea mahali pamoja. Katika raga ya ligi, aliyekabwa hanyang'anywi mpira. Anaachiwa, anasimama akitazama goli la wapinzani, anaushusha mpira mbele ya mguu wake na kuurudisha nyuma kwa kisigino. Hilo hutokea mamia ya mara katika dakika 80, na hapo ndipo mechi hukushinda au unaimudu.

Sheria inataka aachiwe mara moja, lakini haitaji sekunde. Kipimo ni chako. Tamka "amekabwa!" mara tu anaposhindwa kusonga. Ukichelewa, mkabaji wa tatu anajitupa juu, mpira unakwama, nawe unaishia kumwadhibu mtu ambaye ungeweza kumzuia kwa sauti. Kisha sema "ondoka!" na utazame mikono: je, ni mkabaji anayeng'ang'ania, au ni aliyekabwa anayemshikilia mwenzake chini ili apate penalti? Wa pili hastahili kupewa chochote. Mguu usipogusa mpira, piga filimbi tangu dakika za mwanzo. Ukisamehe mara mbili, kipindi cha pili hakuna atakayejali kuugusa.

Mpira unaporudishwa, walinzi hutakiwa kukaa mita 10 nyuma, na mstari wao huo ni wewe mwenyewe. Wao wanajipanga kwa kukutazama. Mwamuzi aliyechoka hurudi mita saba au nane, walinzi wote wanaonekana halali, na timu yenye mpira inakosa nafasi ya kucheza bila mtu kujua kwa nini. Panga koni mazoezini uhesabu hatua zako mpaka miguu izoee. Ukabaji ukiwa chini ya mita 10 kutoka goli lao, walinzi husimama kwenye mstari wao wa goli.

Sasa, adhabu. Mwaka 2020 ligi ya NRL ya Australia ilianza kurejesha mwanzo hesabu ya ukabaji sita (idadi ambayo timu hukabwa kabla ya kuachia mpira) bila kusimamisha mchezo, badala ya penalti, kwa makosa ya kuchelewesha mpira. Walinzi wakapiga hesabu upesi: ukimshikilia mtu kwenye ukabaji wa kwanza, akiwa mbali na goli lako, unawapa wapinzani ukabaji mmoja tu wa ziada na unapata muda wa kujipanga. Mwaka 2022 NRL ikarudisha penalti kamili kwa timu yenye mpira iliyo ndani ya mita 40 kutoka goli lake. Kanuni hizi hutofautiana kati ya mashindano, kwa hiyo zisome kabla ya kila msimu. Popote uchezeshapo, kumbuka ni nani anayerudia kosa. Onya nahodha mara moja, kisha mtoe mkosaji dakika 10.

Pasi ya mbele, ambayo ni kosa, usiipime kwa mistari ya uwanja. Sheria inasema mwelekeo hupimwa kwa kumfuata aliyerusha: anayekimbia kasi anaweza kurusha nyuma na mpira bado ukasogea mbele juu ya nyasi. Tazama mikono inapouachia.

Skrumu, pale wachezaji wa timu mbili wanapofungana na kusukumana ili kuanzisha mchezo upya, ni habari nyingine. Kimaandishi mpira huingizwa katikati ya safu za mbele, ila katika ligi kubwa umekuwa ukiingizwa upande wa timu inayouingiza kwa miaka mingi bila adhabu. Usiwe wewe wa kuifufua kanuni hiyo katikati ya mechi. Hakikisha tu wote sita wa kila timu wamefungana na hakuna anayechomoka kabla mpira haujatoka.