Tushirikianeje na timu ya Ulaya?

SWALI: Shikamoo dada. Sisi ni wanafunzi wa chuo hapa Arusha, timu yetu ni ya biolojia sintetiki, yani kuwabadilisha viumbe kwa kuwawekea DNA tuliyoipanga wenyewe, tunatengeneza bakteria watakaong'aa kijani wakikutana na floraidi nyingi, si unajua maji ya visima vya huku yanavyoharibu meno ya watoto. Kuna timu ya Ulaya inataka tushirikiane kwa ajili ya iGEM, yale mashindano ya kimataifa ya wanafunzi wa biolojia sintetiki, ila mpaka leo tumepiga picha ya Zoom tu basi. Tuwaombe nini, na sisi tuwape nini wakati maabara yetu ni ndogo?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Picha siyo ushirikiano. Waombeni wawapimie kazi yenu, yani wachukue DNA yenu waiweke kwenye bakteria wa kwao, maabara yao, mikono yao, waone kama inang'aa kama mnavyosema.

Hilo ndo jambo lililoisumbua iGEM miaka mingi. Ilianza 2003 kama kozi ya Januari pale MIT, chuo cha Marekani, 2004 ikawa mashindano ya timu 5, na wazo lilikuwa kila timu iweke vipande vyake vya DNA kwenye hazina moja wengine wavitumie. Sasa mashine yako ya kupimia mng'ao ikisoma namba hii na ya mwenzako ikasoma nyingine mbali kabisa, nani ana bakteria wanaong'aa zaidi? Hamna anayejua. Ndo maana 2014 wakaanza InterLab, timu za nchi mbalimbali zinapima kitu kilekile kwa utaratibu uleule, na 2018 maabara 244 zikalinganisha njia za kukadiria idadi ya bakteria, iliyofanya vizuri ikawa ile ya kurekebisha mashine kwa chembe ndogo za silika zenye idadi inayojulikana. Mimi hiyo kazi naiheshimu sana, ni wanafunzi wale!

Kwa hiyo kabla hamjaanza kubalianeni: aina ya bakteria, chakula chao, joto, masaa, na wote mrekebishe mashine kwa fluoresini, rangi inayong'aa kijani. Wekeni na bakteria wasio na kipande chenu wa kulinganishia. Na vichupa vya floraidi wapelekewe vikiwa na namba tu, wasijue kipi kina ngapi mpaka wamalize kupima.

Msitume bakteria hai, tumeni DNA iliyokaushwa, na kabla ya hapo msimamizi wenu aulizie vibali pande zote mbili. Bakteria mliowabadilisha wasitoke maabara, kisimani msiwapeleke hata kwa majaribio, maji ndo yaletwe kwenu.

Mtawapa nini? Maji ya Arusha, wao hawana! Floraidi iliyochanganywa maabara siyo sawa na maji ya kisima yenye chumvi zingine kibao, na sensa, yani hao bakteria wenu wa kutambua floraidi, inaweza kufaulu kwenye ya kwanza ikafeli kwenye ya pili. Chukueni sampuli kwa chupa za plastiki, za kioo hapana maana floraidi inashikana na kioo, mpime kwa elektrodi ya floraidi, kifaa cha kupimia floraidi kwenye maji (ulizeni idara ya kemia), muwape na majibu. Kiwango cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita, hapo ndo sensa yenu inatakiwa itofautishe, siyo kwenye 20.

Na nani kafanya nini muandike sasa hivi, iGEM wanataka kila timu ieleze wazi kazi ya nani ni ipi, mkisubiri mwisho mtagombana.