Muulize Fundi: Marini bodi ya dukani inafaa kutengeneza boti?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi niko Ukerewe, nataka nijitengenezee kaboti kadogo hapa nyumbani ka watu wawili, ka kuvulia karibu na ufukwe tu. Duka la vifaa vya ujenzi wameniambia ninunue marini bodi eti ndo ya majini. Ni kweli? Na naweza kuunga kwa misumari na ile gundi nyeupe ya seremala?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na umefanya vizuri kuuliza kabla hujatoa hela. Marini bodi nyingi za madukani ni za kumwagia zege, gundi yake inavumilia maji kiasi lakini kati ya matabaka unakuta mapengo, sasa maji yakishaingia humo huyaoni mpaka bodi imeoza kwa ndani. Plaiwudi ya boti hasa inagongwa mhuri wa BS 1088, yaani kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya majini, ila mhuri peke yake usiuamini, kagua kingo zote nne, ukiona tundu achana nayo, alafu omba kipande ukakichemshe saa nzima, kikibanduka matabaka basi hiyo haifai.

Gundi nyeupe hapana kabisa, ikilowa inalainika. Tumia epoksi, ile gundi ya kuchanganya na dawa yake ya kukaushia, na wala huhitaji misumari: chukua plaiwudi ya milimita 6, toboa vitundu pembezoni kila sentimita 15 hivi, shona kwa waya wa shaba na umbo la boti utaliona linakuja lenyewe. Mirror, boti ndogo maarufu sana ya Uingereza tangu miaka ya 1960, ilianza kwa kushonwa hivi hivi. Kisha changanya epoksi na unga laini wa mbao mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga, jaza kona za ndani, lazia utepe wa faiba juu yake. Changanya kidogo kidogo kwenye chombo kipana maana ikirundikana kwenye kikombe inachemka yenyewe mpaka inatoa moshi, na vipimo vya dawa yake ya kukaushia usivizidishe eti iwahi kukauka.

Bodi ina futi 8 tu, ukitaka boti ndefu unganisha mbili kwa mshazari wa kama sentimita 5, yaani chonga ncha zote mbili ziwe za mteremko zilaliane, usizigonganishe vichwa.

Kingo zote zilizokatwa zinyweshe epoksi mara mbili tatu kabla ya rangi, maji huanzia hapo. Omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya boti, ziba viwe vyumba vya hewa ili hata boti ikijaa maji isizame, upepo wa hilo ziwa unaujua unavyogeuka ghafla, na jaketi okozi mbili ziweke kwenye bajeti hiyo hiyo ya plaiwudi.